Tupeane uzoefu: Freemason na vyama vya siri hapa visiwani, uliloliona mwenyewe

MkaaBarza
Jamani, assalaam alaykum. Mtu akinyanyua ghorofa Fuoni au akishusha gari bandarini, wiki haiishi barza imeshamhukumu: kajiunga. Ukiuliza kajiunga na nini, Freemason. Ukiuliza nani kamuona akiingia, kila mtu anatazama kikombe chake cha kahawa. Basi leo tupeane uzoefu: uliloliona wewe au lililomfika mtu wa nyumbani kwenu. "Nasikia" ibaki huko huko kwenye kahawa ya Jaws Corner. Na visiwe vya wazungu peke yake, hata vya kwetu vyenye kiapo na mlango wa kufungwa vileteni.

Niweke msingi tusiongee kizani. Hichi chama kilijitokeza hadharani London tarehe 24 Juni 1717, lodji nne, yaani matawi yao, zilipokutana kwenye nyumba ya pombe zikaunda lodji kuu moja. Ishara zao ni vyombo vya waashi: bikari, skwea, aproni. Daraja za mwanzo ni tatu, mwanagenzi, fundi mwenza na fundi mkuu. Aliyekulia na mafundi wa mawe na chokaa hapa Mji Mkongwe wala hashangai. Wanachoficha hasa ni namna ya kutambuana na yanayofanyika mtu anapoapishwa, na hayo nayo yalishachapwa kitabuni London mwaka 1730. Siri ya miaka mia tatu kasoro, inauzwa dukani.

Mwana wa Wete
Langu ni la binamu yangu. Msimu ule karafuu zilizaa, akauza, pesa akaiweka kwenye simu. Ikaingia meseji, herufi kubwa tupu: KARIBU CHAMA CHA MATAJIRI, GARI, NYUMBA NA MSHAHARA KILA WIKI, HAKUNA KAFARA. Akapiga. Kapokelewa na sauti ya upole, kila baada ya maneno mawili "ndugu mteule". Kwanza pesa ya fomu. Halafu pete. Halafu eti pete imefika uwanja wa ndege, forodha wanataka ushuru. Halafu joho. Kila akilipa anatumiwa picha: mara noti zimetandazwa juu ya kitanda, mara cheti chenye mhuri na jina lake limekosewa herufi. Mwisho wakamgeukia: sasa kafara inatakiwa, mtu wa damu yako. Kama huwezi, tutakununulia mbuzi mweusi, tuma pesa ya mbuzi.

Akatuma. Mkewe ndiye aliyeikamata simu usiku, akasoma meseji zote mpaka alfajiri. Palizi ya msimu uliofuata hapakuwa na pesa.

Sasa sikilizeni lililoniuma mimi. Nilimwambia twende polisi Wete mjini. Hataki. Atasema nini pale kaunta? "Nilikuwa nataka kuingia Freemason, wakanidhulumu"? Tapeli anajua hivyo. Hasemi njoo tufanye biashara ya mbao, maana ya mbao ungeshitaki. Anakutia kwenye jambo ambalo hata mama yako huwezi kumwambia.

MkaaBarza
Pole sana ndugu yangu. Na wenzetu mjue: lodji hasa haipigii mtu simu. Wewe ndiye unayeomba, unadhaminiwa na mwanachama, mwengine anaunga mkono, halafu wanakupigia kura ya siri kwa vigololi, cheupe ndiyo, cheusi hapana. Kiingilio na ada unatoa wewe, hupewi. Jengo lao Dar lipo Sokoine Drive, watu wanalipita kila siku. Marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, alikuwa mkuu wao Afrika Mashariki na hakuwahi kulificha hilo.

Mtoto wa Makunduchi
Mimi niko London. Jengo lao kuu lipo Great Queen Street, na niliingia mchana kweupe, kuna makumbusho, mlangoni hawaulizi kitu. Nilitegemea mafuvu. Nimekuta aproni kwenye makabati ya vioo, sahani, saa, medali, na mzee mmoja mlinzi anayepiga miayo. Jengo lenyewe lilikamilika 1933, walilijenga kuwakumbuka wanachama wao zaidi ya 3,000 waliokufa kwenye Vita Vikuu vya Kwanza. Picha nilizotuma nyumbani ndizo zilizoniponza: shangazi kaacha kupokea simu yangu mwezi mzima. Kwao huko mimi nimeshajiunga.

Ustadh_Mkunazini
Tusifanye mzaha mpaka tukapotea. Majmaa ya Fiqhi ya Makka, baraza la wanazuoni wa sheria ya dini, mwaka 1978 ilitoa tamko kuwa Muislamu haimjuzii kujiunga. Na Wakatoliki waliwatangulia: Papa Clement wa 12 alikataza tangu 1738. Hawa wote si watu wa barzani.

MkaaBarza
Shekhe, sijabisha hukumu. Lakini Jamaluddin al-Afghani, tunayemsoma kwa heshima zote, aliingia lodji pale Kairo miaka ya 1870, na Amir Abdulkadir wa Aljeria kabla yake. Hawakuwa wakinywa damu. Wengi wakati ule waliona ni mahali pa kuzungumza bila ya jasusi wa serikali. Baadaye mambo yakageuka, Misri ikazifunga lodji zote miaka ya 1960. Ninachosema mimi: haramu ni jambo moja, na jini la kutapika noti ni jambo jengine. Tusiyachanganye.

Ustadh_Mkunazini
Hapo tumeelewana. Ila la Afghani usilisemee barzani kwenu, watalibeba nusu.

Bi Mkubwa Miembeni
Wanangu mnakwenda mbali kote huko! Kibuki, chama chetu cha pepo, hamkijui? Mimi nimepelekwa na marehemu mama yangu mkubwa, nikiwa mwari. Hujiingilii tu: mpaka uugue, utazamwe, uambiwe una pepo wa Bukini, yaani Madagaska, ndipo fundi akuongoze. Gharama zake mnazisikia nyie? Nguo, shughuli ya siku kadhaa, brandi maana Wabuki hawanywi maji, na wenzio wote walishwe. Yanayosemwa mle ndani hayatoki nje, na mwenzio akifiwa mnakwenda wote. Hao wanaume wenye aproni wana nini cha kutushinda sisi?

Na kabla ya Freemason tulitishwa na mumiani. Gari jekundu la zimamoto likipita, sisi watoto mbio uvunguni. Wananyonya damu, wanafanyia dawa! Hakuna mtoto mtaani kwetu aliyewahi kunyonywa, lakini kila mtu alikuwa na jirani wa jirani. Mwaka 1995 jini popobawa akashuka kutoka Pemba, watu wazima wakalala nje makundi makundi na moto umewashwa, mwaka wenyewe wa uchaguzi. Ndiyo maana mimi siku hizi mkisema fulani kajiunga, nauliza kwanza: ana ugomvi na nani?

BintiMalindi
Bi Mkubwa umenipa raha. Nami naleta letu. Klabu yetu ya taarabu, Ikhwani Safaa, ya tangu 1905, jina lake walilichukua kwa Ikhwan al-Safa wa Basra, wanazuoni wa karne ya 10 waliokuwa wakikutana kwa siri. Waliandika risala 52, falsafa, hesabu, nyota, na moja nzima ya muziki, na hakuna aliyetia jina lake. Babu yangu alikuwa akipiga fidla pale na akilijua hilo vizuri. Akisema wale wazee walioanzisha walikuwa watu wa kusoma, hawakuokota jina. Jumuiya ya siri maarufu kuliko zote katika Uislamu, nasi tunaitunza kwenye harusi.

Chake_Kati
Kwetu walikuja Rotary, klabu ya watu wa kujitolea, wakatusaidia kisima, wakabandika nembo yao ya gurudumu lenye meno. Basi! Nusu ya mtaa hawakuteka maji, eti kisima cha Freemason. Rotary ilianzia Chicago, 1905 hiyo hiyo ya Binti Malindi, na kazi yao kubwa duniani ni chanjo ya polio. Tulipoona mambo mazito, mwalimu wa skuli akaipaka rangi ile nembo. Watu wakateka.

Mwana wa Wete
Ile namba iliyomtapeli binamu bado ninayo. Inafaa kitu?

MkaaBarza
Itume kwa meseji kwenda 15040, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Haiulizi ulitaka kujiunga na nini.

Mwana wa Wete
Nimetuma. Na kuna nyengine imeniingia mimi leo asubuhi, herufi kubwa vile vile. Hawa kiingilio elfu thelathini tu, wameshusha bei.