Naombeni ushauri: nisaini tena mkataba wa miezi mitatu hospitalini?

Zamu ya Usiku:
Wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni muuguzi wa ngazi ya stashahada, leseni yangu ni hai, na kwa miezi tisa nimefanya kazi katika hospitali moja ya umma mkoani Mtwara kupitia kampuni iliyoshinda zabuni hapo. Tunasainishwa miezi mitatu mitatu. Mkataba huu unaisha mwisho wa mwezi, mshahara wa miezi miwili sijauona, na kila nikimuuliza msimamizi hunijibu kwamba kampuni nayo haijalipwa. Nimeomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira mara nne bila mafanikio. Je, nisaini tena, au nirudi Nanyamba nikaokote korosho na mama?

Mkulima wa Tandahimba:
Dada, usiidharau korosho. Nilijitolea kufundisha miaka miwili kwa ahadi ya kukumbukwa, nikachoka, nikarudi shambani kwa marehemu baba. Nami hungoja fedha za mnada kama wewe unavyongoja mshahara, ila mikorosho haina msimamizi wa kunidanganya.

Mama Shangani:
Uuguzi ni wito, mwanangu. Mwaka 2017, watumishi 9,932 walipobainika kuwa na vyeti vya kughushi, zipo zahanati zilizobaki na mhudumu mmoja, na wagonjwa hawakuacha kuja. Subira yavuta heri.

Mstaafu wa Masjala:
Mama Shangani, subira hailipi kodi ya chumba. Binti, nina swali. Kampuni za zabuni ninazozifahamu katika hospitali zetu ni za usafi na ulinzi, ilhali muuguzi wa mkataba huajiriwa na halmashauri yenyewe kwa mapato ya ndani, au hujitolea kwa barua. Mkataba wako umeandikwa cheo gani?

Zamu ya Usiku:
Mzee wangu, cheo si tatizo. Tatizo ni mshahara.

Mstaafu wa Masjala:
Nimeuliza cheo.

Zamu ya Usiku:
Umeandikwa “mhudumu wa usafi”. Niliukubali kwa sababu nilitaka kuwa karibu na wodi, ili nafasi ikitokea wanifahamu. Mwezi wa kwanza nilipiga deki tu. Baadaye muuguzi wa zamu aligundua kwamba nimesomea, akaniomba nimsaidie kupima presha, kisha kutundika dripu, na sasa nachoma sindano. Yeye ndiye husaini kwenye faili. Sioni kosa langu liko wapi, kwa kuwa leseni ninayo na wagonjwa wanapona.

Fundi wa Mikindani:
Nasita kuiamini habari hii. Miezi tisa mfanya usafi anachoma sindano, na hakuna daktari, ndugu wa mgonjwa wala mkaguzi aliyeuliza? Ninavyoona, huyu ndiye mwenye kampuni, anapima upepo kabla ya kusainisha watu upya bila kuwalipa.

Mkulima wa Tandahimba:
Kama ndiye mwenye kampuni, basi na alipe kwanza, halafu aendelee na hadithi.

Zamu ya Usiku:
Kaka, ningekuwa na kampuni nisingekuwa nakopa unga dukani. Usiku tunabaki na muuguzi mmoja kwa wodi nzima, na mama mjamzito akipelekwa chumba cha upasuaji, muuguzi huyo humsindikiza. Navua koti la bluu lenye jina la kampuni, na ndani nimevaa gauni langu jeupe la chuoni. Wagonjwa huniita sista, na alfajiri nalivaa tena koti langu nikamwage ndoo. Nani atauliza?

Mstaafu wa Masjala:
Mimi ninamwamini, kwa maana gauni hilo la ndani halitungwi na mwenye kampuni. Lakini, binti, sikiliza. Siku dozi itakapokosewa, jina lako halitakuwamo katika orodha ya zamu, kampuni itaonyesha kwamba ilikuajiri upige deki, na Baraza la Uuguzi na Ukunga litaishika leseni yako, kwa kuwa ndiyo pekee iliyopo. Acha sindano leo. Omba barua ya kujitolea kama muuguzi. Kuhusu mshahara, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, kwani madai ya namna hiyo hupewa siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na wewe una miezi miwili tayari.

Mama Shangani:
Na huo mkataba mpya usiusaini, mwanangu.

Zamu ya Usiku:
Nilisaini Ijumaa. Msimamizi alisema asiyesaini hataingizwa kwenye orodha ya malimbikizo. Barua hiyo, mzee, naiandika kwa nani?

Mstaafu wa Masjala:
Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa Mganga Mfawidhi. Ambatisha leseni, na usiitaje kampuni.

Zamu ya Usiku:
Nitaiandika kesho. Leo zamu yangu inaanza saa mbili.