Mrejesho: mama na maji ya tumboni

Wapendwa, niliuliza kama kuna njia ya mama (saratani ya ovari) kuacha kutobolewa tumbo kila wiki ili atolewe maji. Ipo. Amewekwa mrija laini wa kukaa nao; hupita kwanza chini ya ngozi ndipo uingie tumboni, hivyo vijidudu havipenyi kirahisi. Sasa namtoa maji mwenyewe hapa Moshi, kama lita moja na nusu kila baada ya siku moja, nesi alinifundisha. Mikono nanawa mpaka inachubuka! Akipata homa, tumbo likiuma au maji yakibadilika rangi, tunakimbia hospitali. Saratani iko palepale, hilo tunalijua. Ila jana kaomba mtori, kamaliza bakuli zima. Mwezi uliopita vijiko viwili tu, kashiba.