Naomba ushauri: laini ya korongo kutoka shiti ya ramani ya 1:50,000 inafaa kupangia viwanja?

Habari wakuu, poleni na majukumu. Nipo Dodoma, tunapanga viwanja upande wa Ihumwa na katikati ya eneo linapita korongo, saa hizi kavu ila masika linajaa balaa. Nimeskani shiti ya 1:50,000, nikaiweka kwenye QGIS (programu ya ramani) kwa mfumo wa majira wa Arc 1960, UTM kanda ya 36 Kusini, nikachora korongo kama laini ya vekta. Sasa sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwenye hiyo shiti nusu milimita tu ni mita 25 ardhini, yaani unene wa wino peke yake unakula kiwanja cha mtu! Bosi anazumu mpaka 1:1,000 anasema mbona iko klia, kana kwamba kuzumu kunaongeza usahihi.

Nimelinganisha na picha ya setilaiti, kwenye kona laini inatoka kabisa nje ya kingo ila sehemu zilizonyooka inakaa poa, so sidhani ni kosa la datamu (msingi wa vipimo vya ramani), maana hiyo ingesogeza kila kitu upande mmoja.

Je, laini hii naweza kuipigia bafa (ukanda wa kuzunguka) ya mita 60 au lazima tukapime kingo kwa RTK (GPS ya upimaji yenye usahihi wa sentimita)? Na inabidi korongo nilihifadhi kama poligoni (umbo lililofungwa) badala ya laini ili bafa ianzie ukingoni?