Meza ya kusimamia itanifaa? Nakaa saa 11 kwa siku

Karani_Dom: Wakuu, ofisini nakaa saa 8, ukijumlisha daladala na runinga zinafika 11. Utafiti wa 2023 uliofuatilia watu zaidi ya 49,000 wa Uingereza, miaka 60 na zaidi, ulikuta waliokaa zaidi ya saa 10 kwa siku walipata demensia (kudhoofika kwa akili na kumbukumbu) zaidi. Nataka meza ya kusimamia, nisimame kutwa. Urefu gani?

Fizio_Tanga: Kusimama tuli si kutembea, mkuu. Kwenye utafiti wa Liverpool, Uingereza, 2018, watu walikaa saa 4 mfululizo, damu iendayo ubongoni ikapungua. Kutembea dakika 2 kila nusu saa kulizuia hilo. Dakika 8 kila saa 2 hakukuzuia. Tega kengele. Miguu yako mizima?

Mzee_Kahawa: Siku hizi hata chai mtu analetewa mezani! Printa ihamie chumba cha pili, na unywee glasi, si chupa ya lita moja na nusu. Utainuka tu.

Karani_Dom: Bosi hataelewa kuzurura huko.

Fizio_Tanga: Nimeuliza miguu.

Karani_Dom: Nina kisukari, nyayo zina ganzi. Lakini fundi ameshachukua advansi, mbao zimekatwa. Meza ni sentimita 74.

Fundi_Mninga: 74 ni meza ya kukalia! Uzi huu umetungwa, mtu anatafuta wateja.

Karani_Dom: Sijatunga, kaka. 74 ni meza ya ofisi, anaiwekea kijukwaa cha 34 juu yake.

Fundi_Mninga: Basi 108, samahani. Hakikisha: vaa viatu vya kazi, kunja kiwiko nyuzi 90, pima toka sakafuni hadi kiwikoni. Kama ni kompyuta mpakato, tafuta kibodi ya pembeni na uinue skrini hadi usawa wa macho, la sivyo shingo itainama kutwa. Miguu ya kijukwaa iungwe kwa mbao ya mshazari nyuma, kisiyumbe unapochapa.

Fizio_Tanga: Ganzi ndiyo ungeanza nayo. Kidonda cha unyayo kitaanza na hutasikia. Kusimama kutwa, hapana. Dakika 15 kwa mkupuo, kisha tembea. Kabla ya kuvaa viatu papasa ndani kwa mkono, msumari au kokoto hutaihisi. Jioni kagua nyayo kwa kioo. Unachoma insulini?

Karani_Dom: Ndiyo, asubuhi na jioni.

Fizio_Tanga: Basi pima sukari mara nyingi zaidi wiki ya kwanza, mwendo unaweza kuishusha. Na kliniki wakague nyayo kabla kijukwaa hakijafika.

Karani_Dom: Kliniki ni Jumanne. Kijukwaa kinakuja Jumatatu, siwezi kukirudisha.

Fizio_Tanga: Kikae siku moja bila kutumika, ndugu yangu. Kengele ya nusu saa ianze kesho.