Je, mazao ya kufunika udongo yanasaidia mbuga inayotuamisha maji?

Swali
Ndugu wakulima, habari za kazi. Nina ekari tatu wilayani Magu, na sehemu ya chini ni mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, ambayo mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, maji hutuama hadi mahindi yanageuka manjano. Nilipochimba shimo la kina cha goti nilikuta, kama sentimita 20 chini, tabaka gumu lenye madoa ya kutu, na mizizi ya mahindi imepinda ikitambaa juu yake. Nimeshauriwa nipande fiwi au marejea, mimea ya jamii ya kunde inayofunika udongo. Je, mmea unaweza kweli kuondoa maji shambani?

Jibu la kwanza
Hilo tabaka ndilo linalonipa matumaini, ndugu yangu, kwa sababu huenda limetokana na kulima kwa plau udongo ukiwa umelowa, na tabaka la namna hiyo linatoboleka. Mzizi mkuu wa marejea au mbaazi hupenya kwenye nyufa, na ukishaoza huacha tundu linalopitisha maji pamoja na mizizi ya zao linalofuata. Isitoshe, majani mabichi hutoa maji mengi hewani. Usitarajie mabadiliko kwa msimu mmoja. Mbaazi haivumilii maji yaliyosimama, hivyo ipande juu ya matuta.

Jibu la pili
Nakubaliana, ila mimi nilipata hasara. Fiwi niliyoipanda katikati ya mahindi ilistawi sana, kisha baada ya mavuno ng'ombe wakaachiwa, wakaila yote na kuukanyaga udongo uliokuwa bado na unyevu, ukashindiliwa kuliko mwanzo. Tena matandazo mazito huzuia uvukizi, jambo jema kule juu kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, lakini mbugani hukuchelewesha kupanda. Yaondoe kwenye mistari ya mbegu.

Jibu la tatu
Kabla ya kununua mbegu, subiri siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, uchimbe tena. Ukikuta maji juu ya tabaka na chini yake pakavu, fuata ushauri wa hao wenzangu. Ukikuta maji yanapanda kutoka chini, hakuna mzizi utakaoyamaliza: chimba mtaro wa kuyatoa, na kama hayana pa kwenda, tengeneza majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo za udongo, ulime mpunga, kisha upande dengu kwa unyevu unaobaki.