Kutoka jukwaani kuja filamu: usaili wa video, seti na mkataba

ChipukiziWaSkrini
Habari wadau. Nimezoea tamthilia za jukwaani, kamera bado ni ngeni kwangu. Nimeombwa kutuma usaili wa video kwa filamu ndefu, kurasa mbili, nafasi ya mdogo wake mhusika mkuu. Vifaa ni simu tu, taa sina. Naomba kujua: nirekodi vipi? Nikiipata nafasi, ni nini kinachowaangusha wanaotoka jukwaani wakifika seti, yaani mahali filamu inapopigwa? Na kwenye mkataba nianze kusoma wapi?

Lenzi50
Nijibu la kurekodi, mengine nawaachia wenzangu.

Simu ilazwe, isisimamishwe wima. Tumia kamera ya nyuma, lenzi iwe usawa wa macho yako. Rundo la vitabu juu ya meza linatosha kama huna stendi. Simama hatua mbili mbele ya ukuta wa rangi moja usiong'aa, ukiugusa kwa mgongo kivuli chako kitakuandama. Fremu, yaani eneo linaloonekana kwenye picha, ianzie kifuani na kuacha nafasi ndogo juu ya kichwa.

Mwanga: litazame dirisha, simu iwe kati yako na dirisha. Ukiligeuzia dirisha mgongo, uso unageuka kivuli. Kisha mtu abonyeze picha ya uso wako kwenye kioo cha simu na kushikilia mpaka simu ifunge fokasi (ukali wa picha) na mwanga. Usipofanya hivyo, kila unapotikisa kichwa picha itapauka au kuingia giza. Rekodi kwa ubora wa picha wa 1080p, ule mkubwa zaidi wa 4K unaongeza uzito wa faili tu. Kama ni lazima uwashe taa za ndani na umeme wa kwenu ni wa Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), weka kamera kwenye picha 25 kwa sekunde; ukiwa wa Hz 60, weka 30. Hapo taa hazitapepesa kwenye picha.

Sauti ndiyo inayoharibu video nyingi kuliko picha. Chumba kitupu kina mwangwi, kwa hiyo tundika mablanketi nje ya fremu, zima feni na friji, weka simu kwenye hali ya ndege. Msomaji wako, yaani anayekusomea maneno ya mhusika mwingine, asimame bega lake likikaribia kugusa simu, macho yake yalingane na yako. Asome polepole na kwa sauti ya chini, maana yuko karibu na maiki kuliko wewe. Na asiigize! Wasomaji wenye kipaji huiba usaili wa watu.

Usitazame lenzi isipokuwa pale unapotaja jina na urefu wako.

Mkasi_na_Gundi
Naongezea kwa Lenzi50: tuma teki mbili tu, yaani rekodi mbili za tukio lile lile, na ziwe tofauti kweli. Ya kwanza fuata skripti ilivyo. Ya pili badilisha anachokitaka mhusika. Kwa mfano, moja anamwomba dada yake msamaha, nyingine anataka dada aondoke upesi kabla hajaulizwa maswali. Maneno yawe yale yale. Mwongozaji anachopima hapo ni kama unaelekezeka.

Sasa seti. Niseme kama mtu wa chumba cha uhariri, kwa sababu huko ndiko uigizaji wako unakobaki au kutupwa.

Mwendelezo kwanza. Tukio moja litapigwa kwa mbali, kwa kati, halafu uso peke yake, na mara nyingine saa kadhaa hupita katikati. Ukiinua kikombe kwa mkono wa kulia kwenye neno "mama" katika shoti ya mbali, ni hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukibadilisha, mhariri hawezi kukata kutoka shoti moja kwenda nyingine, na atachagua teki iliyolingana hata kama ile nyingine ulilia vizuri zaidi. Dawa ni kupunguza vitendo: kimoja au viwili, kila kimoja kifungwe kwenye neno lake. Kula katika tukio ni mtego, chukua matonge madogo. Msimamizi wa mwendelezo atakukumbusha, ila ana watu wengi wa kuwatazama.

Pili, usimkate mwenzako wakati wa shoti za uso. Jukwaani kudakia maneno kunaleta uhai. Kwenye filamu sauti zikigongana kwenye shoti ya mmoja, ni vigumu sana kuzitenganisha. Acha upenyo mdogo, kasi tutaitengeneza sisi. Mwongozaji akitaka mgongane atasema.

Tatu, macho. Uso ukijaa fremu, chagua jicho moja la mwenzako, lile lililo karibu na lenzi, ubaki nalo. Ukihamahama kati ya mawili, kwenye skrini kubwa unaonekana kama unadanganya.

Nne, alama ya tepu sakafuni inayoonyesha pa kusimama. Usiitafute kwa macho. Simama juu yake, rudi kinyumenyume mpaka unapoanzia huku ukihesabu hatua, au weka kumbukumbu ya ukingo wa kiti utakaougusa ukifika. Tundu la lenzi likifunguliwa sana, sentimita chache zinatosha kukutoa kwenye fokasi.

Usimalize machozi kwenye shoti ya mbali. Uliza kabla: "Fremu inaishia wapi?" Si swali la kitoto, ni la kazi.

FundiSauti_Msikivu
Mazoezini tumia sauti ile ile utakayoitumia kwenye teki. Ukinong'ona mazoezini kisha ukapaza kama uko jukwaani, sauti inapasuka na haitibiki. Bangili na hariri huchakarisha maiki ya kifuani. Likitokea hilo waambie watu wa mavazi mapema.

ChipukiziWaSkrini
Asanteni sana. Kuna mtu amejitolea kuwa wakala wangu, lakini anataka nilipe ada ya kunisajili kwanza. Ni kawaida?

Kifungu_cha_Saba
Hapana, mdogo wangu. Wakala hula asilimia ya malipo baada ya wewe kulipwa, mara nyingi 10 hadi 20. Anayetaka hela kabla ya kazi, biashara yake ni wewe. Na usaili wowote wa ana kwa ana ufanyike ofisini au studio, si chumba cha hoteli.

Kwenye mkataba, anza na ratiba ya malipo. Kata maneno yanayosema utalipwa "filamu ikiuzwa". Dai sehemu wakati wa kusaini, sehemu katikati, iliyobaki siku ya mwisho ya kupiga picha. Kisha tafuta haya: saa za kazi kwa siku na malipo ya ziada, siku za kurudia matukio na za kurekodi upya sauti studio, zinalipwa au ni bure, filamu itaonyeshwa wapi na kwa miaka mingapi, unazuiwa kufanya kazi nyingine kwa muda gani. Tukio lolote la faragha liandikwe hasa kitakachoonekana, nani atakuwepo seti, na kwamba ukibadili mawazo halipigwi. Siku hizi ongeza pia kifungu kinachokataza kutengeneza sura au sauti yako kwa kompyuta bila idhini mpya ya maandishi.

Kama hujafika miaka 18, mzazi au mlezi asaini pamoja nawe. Na omba kipande cha matukio yako kwa ajili ya video yako ya kazi, kikabidhiwe ndani ya muda uliotajwa baada ya filamu kutoka. Kisipoandikwa, utakifuatilia mpaka uchoke.