Mtoto ana kisukari, ndugu wanasema ni ugomvi wa wazazi. Mdogo wake tumfuatilieje?

MamaWawili_Tabata: Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Mtoto wa miaka 7 kakutwa na kisukari aina ya kwanza. Wazazi walitengana mwaka jana. Ndugu wanasema ugomvi ndio uliomharibu, wengine wanasema soda. Mdogo wake ana miaka 3. Ukweli ni upi?

Dokta_wa_Zamu: Pole dada. Soda itoe kwenye kesi hii, hiyo ni mshtakiwa wa aina ya pili. Hapa kinga ya mwili inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na shambulio huanza miezi au miaka kabla ya dalili. Jeni zina mchango, ila mapacha wa kufanana mara nyingi mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima kwa miaka. Kwenye mazingira, wanaoshukiwa zaidi ni enterovirasi, kundi la virusi vya utumbo, hasa Coxsackie B. Kuhusu msongo, utafiti wa Uswidi ulikuta watoto waliopitia msiba au wazazi kuachana wakiugua zaidi kuliko wenzao. Hilo halithibitishi chanzo. Kwa huyu, huenda shambulio lilianza hata kabla hawajatengana.

Nesi_Mbagala: Huyo wa miaka 3 msimtoboe kidole kumpima sukari kila asubuhi. Kwa takwimu za Ulaya, ndugu wa mgonjwa wanaougua ni kama 5 kati ya 100. Angalieni akirudia kukojoa kitandani, akiamka usiku kutafuta maji, nguo zikimpwaya, au sisimizi wakijaa kwenye poti. Hapo pimeni siku hiyohiyo. Mnawisheni kwa sabuni na mumkaushe kwanza. Kidole chenye embe kinadanganya mashine. Ikisoma 11.1 mmol/L au zaidi na dalili zipo, hospitali usiku huohuo, msisubiri kipimo cha asubuhi kabla hajala.

Kinachoua ni hiki: sukari imepanda, mtoto anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu, halafu anapewa mseto wa malaria au dawa ya nimonia. Akitundikiwa dripu ya glukosi ndiyo kabisa. Ombeni sukari ipimwe kabla ya dripu.

Kongosho: Msongo una kazi nyingine baada ya ugonjwa: homoni zake zinapandisha sukari, kwa hiyo kipindi cha mitihani pimeni zaidi. Na kwa kuwa anaishi nyumba mbili, kila nyumba iwe na mashine na vijiti vyake vya kupimia. Daftari moja lisafiri na mtoto. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ikiganda, tupeni. Iliyofunguliwa, kwa nyingi, ni wiki 4 chini ya nyuzi 30. Joto la Februari na umeme ukikatika, tumieni chungu ndani ya mchanga uliolowanishwa, kivulini.

MamaWawili_Tabata: Asanteni sana. Bibi yake anataka ampe mlonge, apumzike sindano.

Nesi_Mbagala: Mlonge apike kama mboga, hakuna ubaya. Sindano haina mapumziko, hata siku anayokataa kula. Siku hiyo mpigieni daktari awape dozi.